Haroun Tazieff: mtu wa Nyiragongo aliyejua bei ya kamba

Kila mara volkano inapozungumziwa Goma, jina la Haroun Tazieff linarudi. Wengi wanamjua kama muzungu aliyeshuka ndani ya Nyiragongo na kuonyesha dunia nzima lile ziwa la moto. Lakini iko sehemu nyingine ya maisha yake ambayo kwetu haisemwi sana. Alishuka pia ndani ya shimo moja refu sana katika milima ya Pyrénées, kati ya Ufaransa na Hispania, na kule chini alimuona rafiki yake akifa kwa sababu ya kipande kidogo cha chuma.

Tunaleta maisha yake hapa kwa swali moja tu: mtu anaposhuka mahali pa hatari kwa ajili ya sayansi, nani anamshikia kamba? Nani analipa, nani anatengeneza mashine, nani anabeba mizigo, nani anatoa ruhusa? Swali hilo liliongoza maisha yote ya Tazieff. Na sisi wakaaji wa chini ya volkano, tunalo mpaka leo.

Mtoto wa vita

Haroun Tazieff alizaliwa tarehe 11 Mei 1914 Warsaw. Leo mji huo ni wa Poland, lakini wakati ule ulikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Baba yake alikuwa daktari, Mtatari wa dini ya Kiislamu. Ndiyo sababu jina lake ni Haroun, sawa na jina ambalo ndugu zetu Waislamu wa Kasongo au wa Bukavu wanawapa watoto wao. Vita Kuu ya Kwanza ilianza miezi michache tu kiisha kuzaliwa kwake. Baba akafa katika vita ile, na mtoto hakumjua hata kidogo.

Mama yake, mwanamke aliyesoma sana, akabaki naye peke yake. Mwaka wa 1921 walifika Ubelgiji kama wakimbizi. Haroun akakulia kule, akasoma kule, na mwaka wa 1936 akapata uraia wa Ubelgiji. Alipenda michezo ya nguvu: ngumi na rugby. Alisoma kilimo kule Gembloux, kiisha jeolojia katika chuo kikuu cha Liège, wakati Wajerumani walikuwa wamekalia nchi. Aliingia pia katika kundi la wale waliopigana na Wajerumani kwa siri.

Vita ilipomalizika mwaka wa 1945, hakukaa Ulaya. Alikuja Kongo.

Kivu ilimbadilisha

Kazi yake ya kwanza hapa ilikuwa ya madini, katika machimbo ya bati kule Katanga. Kiisha akaingia katika idara ya jeolojia ya koloni. Tukumbuke hali ya wakati ule. Koloni ilihitaji mtu wa jeolojia kwa kazi moja kubwa: kutafuta kitu cha kuchimba na kuuza. Volkano haikuleta feza. Ilichoma mashamba na kukata barabara, basi.

Mwezi wa Machi 1948 moto ukatoka kwenye udongo chini ya Nyamulagira, mahali panapoitwa Kituro. Tazieff akatumwa kwenda kuona. Hakuwa amesoma volkano kwa namna ya pekee. Lakini alipoona kilima kikizaliwa mbele ya macho yake, mawe mekundu yakirushwa juu na lava ikitembea msituni, maisha yake yaligeuka. Toka siku zile alitaka kujua jambo moja: ndani ya mlima kunapita nini, na mtu anaweza kujua mbele ya saa?

Mwaka ule ule alipanda Nyiragongo na kuingia ndani ya shimo lake. Kule chini aliona kitu ambacho wakati ule karibu hakikujulikana: ziwa la lava, lava inayochemka bila kukoma. Wakaaji wa chini ya mlima walijua kwa miaka mingi kwamba usiku mbingu inakuwa nyekundu juu ya Nyiragongo. Tazieff ndiye aliyeshuka na kusema wazi ni kwa nini.

Hapa tuseme ukweli kidogo. Kitabu chake cha kwanza, Cratères en feu, kilichotoka mwaka wa 1951, kilimpa jina kubwa Ulaya. Lakini hakuna mtu anayepanda Nyiragongo na mahema, maji, chakula, kamba na vyombo vya kupima akiwa peke yake. Mizigo ilipanda juu ya vichwa na migongo ya watu wa hapa. Wapagazi wale walijua njia, walijua mahali pa kulala, walijua pia mazuku, ile hewa mbaya inayokaa kwenye mabonde na kuua mtu bila harufu. Mara nyingi majina yao hayajulikani leo. Tunapohesabu wale waliounga mkono safari za Tazieff, hesabu inaanzia kwao, kabla ya profesa yeyote na kabla ya tajiri yeyote.

Shimo la Pyrénées

Aliporudi Ulaya, Tazieff akakutana na watu wa mapango. Kati yao alikuwa Max Cosyns, mtu wa fizikia wa Bruxelles. Cosyns alikuwa na sifa yake. Tarehe 18 Agosti 1932 alipanda angani pamoja na profesa Auguste Piccard ndani ya puto, mpaka zaidi ya kilometa 16. Puto lile liliitwa FNRS, na jina hilo si la mtu wala la mji. Ni herufi za mfuko wa Ubelgiji unaosaidia utafiti wa sayansi, ulioanzishwa mwaka wa 1928 kwa mwito wa mfalme Albert wa Kwanza. Mfuko ulilipa, na jina lake likaandikwa juu ya puto. Udhamini ulianza zamani, haukuanza na simu na bia kwenye viwanja vya mpira.

Mwaka wa 1950, katika mwamba wa chokaa karibu na mpaka wa Ufaransa na Hispania, mahali panapoitwa Pierre-Saint-Martin, kijana mmoja anayeitwa Georges Lépineux aliona ndege mweusi akitoka ndani ya ufa wa mwamba. Ndege hatoki kwenye jiwe bure. Akatafuta, akapata shimo. Wakatupa mawe, wakangoja, sauti ikachelewa sana kurudi. Walipopima kwa kamba wakakuta shimo linateremka wima zaidi ya mita 300. Wakati ule hapakujulikana shimo la wima refu kama hilo duniani.

Msomaji wa Goma aelewe tofauti. Mapango yetu mengi karibu na Nyiragongo na Nyamulagira yalitengenezwa na lava: juu iligandamana, ndani moto ukaendelea kutiririka, na mwisho ukabaki mfereji mtupu. Mapango ya Pyrénées yalitengenezwa na maji. Mvua inaingia katika jiwe la chokaa, inalila polepole kwa maelfu ya miaka, mpaka mto unapita chini ya mlima. Kwetu mapango ya namna hiyo yako Mont Hoyo, Ituri.

Sasa namna gani mtu ashuke mita 300 ndani ya giza na maji ya baridi? Wakati ule watu wa mapango walitumia ngazi za kamba. Kwa shimo lile ngazi haikutosha. Kupanda mita 300 kwa mikono, mwili umelowa, maji yakikuanguka kichwani, ilikuwa kama kujiua. Ilihitajika mashine ya kuvuta kamba ya chuma kutoka juu.

Mwaka wa 1951 Cosyns alileta mashine inayozungushwa kwa miguu kama kinga. Watu walikaa juu, wakapiga pedali, na mwenzao akaning'inia chini. Lépineux akawa wa kwanza kufika chini. Marcel Loubens, kijana wa kusini mwa Ufaransa aliyejulikana sana kwa mapango, akashuka pia. Waliona vyumba vikubwa na wakasikia mto. Walitoka wakiwa na hamu ya kurudi.

Siku mbaya ya Agosti 1952

Mwaka uliofuata kikundi kilirudi na mashine mpya ya Cosyns, ya umeme. Lépineux alikuwapo, Loubens, Tazieff, watu wa fizikia kama Jacques Labeyrie na Mwitalia Giuseppe Occhialini, daktari André Mairey, pamoja na vijana wa skauti kutoka Lyon. Waandishi wa magazeti na wa redio walipanda pia mlimani. Habari ilikuwa kubwa.

Loubens alishuka wa kwanza. Tazieff akamfuata. Kule chini walitembea kwa siku chache, wakapima, wakachukua picha. Tarehe 13 Agosti ilikuwa zamu ya Loubens kurudi juu. Alifunga mikanda, akatoa ishara, mashine ikaanza kumvuta. Alikuwa amepanda mita chache tu wakati kifungo cha chuma kilichoshikamanisha mikanda yake na kamba kilipoachia.

Kamba haikukatika. Mashine haikusimama. Ni kile kifungo kidogo, kitu ambacho mtu anaweza kukifunika kwa kiganja, kilichoshindwa. Loubens akaanguka, akagonga mawe, akaendelea kubingirika. Tazieff alikuwa pale pale.

Alikuwa bado anapumua, lakini kichwa na mgongo vilikuwa vimeumia vibaya. Wale wa chini hawakuweza kumpandisha, juu ya hali yake na juu ya njia yenyewe. Daktari Mairey akakubali kushuka kwa kamba ile ile iliyomwangusha mwenzao. Skauti wa Lyon wakaingia kwenye shimo na kujipanga juu ya vibao vya mwamba ili kusaidia. Haikutosha. Kiisha saa karibu 36 Marcel Loubens alikufa bila kuamka. Alikuwa na miaka chini ya 30.

Kupandisha maiti kungeweza kuleta maiti nyingine. Wakamfunika kwa mawe chini kule, na Tazieff akachora maneno ya kumbukumbu juu ya mwamba. Halafu ikabaki kazi ngumu kuliko zote: kila mmoja wa wale waliobaki chini alipaswa kujifunga kwenye kamba, kwa mashine ile ile, na kuvutwa polepole kwa saa nyingi ndani ya giza, akijua kilichompata mwenzake. Tazieff naye alitoka namna hiyo.

Lawama na feza

Kifo kile kilisomwa katika magazeti ya Ulaya nzima. Watu wakauliza: nani alitengeneza kifungo kile? Nani alikipima? Kwa nini mashine ilitayarishwa kwa haraka? Lawama nyingi zilimwangukia Cosyns, na kati ya watu wa mapango kukawa na magomvi makali yaliyodumu miaka. Mwaka ule ule Tazieff aliandika kitabu juu ya shimo la Pierre-Saint-Martin na kueleza aliyoyaona.

Kwa sisi wenye kuangalia kutoka mbali, kuna fundisho. Msaada wa safari kama ile uko wa namna nyingi. Kuna feza ya kununua vyombo. Kuna fundi wa kutengeneza na kupima. Kuna jeshi au serkali ya kukopesha vitu vizito. Kuna magazeti yanayotoa jina. Namna hizi hazina uzito mmoja. Magazeti yalikuwapo kwa wingi mwaka wa 1952. Kilichokosa ni mtu mmoja wa kupima kifungo mara mia moja kabla ya mtu kuning'inia juu yake. Jina kubwa halimshiki mtu akiwa hewani.

Mwaka wa 1953 safari nyingine ilikwenda na mashine mpya, iliyotayarishwa na mtu mwingine, kwa uangalifu zaidi. Skauti wa Lyon walifuata mto wa chini na kugundua chumba kikubwa ajabu kinachoitwa La Verna. Upana wake ni karibu mita 250, na urefu wake kwenda juu unapita mita 190. Walifika zaidi ya mita 700 chini ya mlango, na wakati ule hakuna binadamu aliyekuwa amefika chini hivyo ndani ya pango. Mwaka wa 1954, wenzake Loubens walirudi tena. Kazi yao ya kwanza haikuwa rekodi. Ilikuwa kumtoa. Sanduku lilivutwa kwa kamba, huku watu wakiwa wamening'inia kwenye ukuta wa shimo ili kulisukuma lisikwame. Akazikwa kijijini kwao, Mazères-sur-Salat.

Kiisha hapo mdhamini mwingine akajitokeza, mkubwa kuliko wote: shirika la umeme la Ufaransa, EDF. Mto ule wa chini ungeweza kuzungusha mashine za umeme. Toka 1956 mpaka 1960 shirika lilitoboa mlima mpaka ndani ya La Verna. Kiisha likaacha kazi. Ilipita karibu nusu karne mpaka kampuni nyingine ikaanza kutoa umeme kwa maji yale, mwaka wa 2008, na watalii wanapita leo katika tundu lile kwa miguu, wakivaa kaske, kuona chumba ambacho Loubens alikufa bila kukijua. Feza nyingi zilikuja wakati watu waliona faida. Waliokuja mwanzoni, wakati hakuna faida, walikuja na mifuko yao midogo na mashine ya pedali.

Namna Tazieff alivyopata njia

Katika miaka ile ile Tazieff alijifunza njia nyingine ya kupata msaada. Mwishoni mwa 1951 alikwenda kwenye Bahari Nyekundu pamoja na Jacques-Yves Cousteau, ndani ya meli Calypso. Meli ile ilinunuliwa na tajiri Mwingereza, Loel Guinness, akamkodishia Cousteau kwa franga moja tu kwa mwaka. Cousteau naye alilipa safari kwa vitabu na filamu. Tazieff aliona hayo kwa macho yake.

Naye akafanya vile. Filamu yake Les Rendez-vous du diable, ya mwaka wa 1959, ilipeleka volkano za dunia nzima katika sinema. Vitabu, filamu na mikutano ya hadhara vilimpa jina, na jina lilifungua milango ya ofisi za utafiti. Kuna wataalamu waliomcheka na kusema anapenda mno kamera. Lakini bila kamera, nani angejua Nyiragongo?

Kurudi Nyiragongo hakukuwa rahisi kwake. Mlima ulikuwa ndani ya Parc Albert, tunayoiita leo Virunga, na wakubwa wa mbuga walimfungia mlango kwa miaka. Feza ilipatikana kabla ya ruhusa. Mwishoni tu mwa miaka ya 1950 aliweza kushuka na kundi la wataalamu mpaka karibu na ziwa la lava na kupima gesi na joto. Filamu aliyoitoa mwaka wa 1966 juu ya Nyiragongo inaitwa Le Volcan interdit, yaani volkano iliyokatazwa. Jina linaeleza yote.

Toka 1967 aliongoza safari nyingi katika jangwa la Afar, Ethiopia, pamoja na wataalamu Waitalia na Wafaransa, na Erta Ale, volkano nyingine yenye ziwa la lava, ikajulikana vizuri. Alichukua uraia wa Ufaransa mwaka wa 1971.

Kusema hapana kwa anayelipa

Mwaka wa 1976 ulikuwa wa majaribu. Katika kisiwa cha Guadeloupe, volkano inayoitwa Soufrière ilianza kutoa mvuke na majivu. Serkali ikahamisha watu zaidi ya 70,000. Tazieff alikwenda kuangalia na kusema hakuna lava mpya inayopanda, watu wangeweza kubaki. Claude Allègre, mkubwa wa taasisi ya Paris alikofanya kazi, alisema kinyume. Tarehe 30 Agosti Tazieff na wenzake walikuwa juu ya mlima wakati mlipuko wa mvuke na mawe uliwakuta. Waliokoka kwa bahati.

Mlipuko mkubwa haukuja. Watu walirudi nyumbani kiisha miezi, mali yao na kazi zao zikiwa zimeharibika. Lakini Tazieff aliondolewa kwenye cheo chake katika taasisi ile. Kwa mtu wa utafiti, kusema kinyume na anayekulipa ni kukata tawi ulilokalia. Alilikata. Wengine mpaka leo wanasema serkali ilifanya vema kuwa na tahadhari. Magomvi hayo hayajaisha kati ya wataalamu.

Tarehe 10 Januari 1977 ilikuwa zamu yetu. Nyiragongo ilipasuka ubavuni, na lile ziwa la lava likajimwaga lote kwa muda usiofika saa moja. Lava ilikuwa nyepesi kama maji, ikakimbia kushinda mtu. Vijiji viliungua na watu wengi walikufa, na hesabu zao zinatofautiana mpaka leo. Tazieff alirudi, akapima, akaandika kwamba mlipuko wa namna ile haukuwahi kuonekana mahali pengine.

Kutoka 1979 alikuwa meya wa Mirmande, kijiji cha kusini mwa Ufaransa. Kutoka 1984 mpaka 1986 aliingia serkalini kama katibu wa nchi anayehusika na kuzuia majanga ya asili na ya viwanda. Mkimbizi wa mwaka wa 1921 akawa kiongozi wa kulinda watu kabla ya janga. Hakuwa na haki kila mara. Ziwa Nyos la Kameruni lilipotoa gesi mwaka wa 1986 na kuua watu karibu 1,700, yeye alisema ni mlipuko wa volkano. Wengi wa wataalamu walionyesha kwamba gesi ilikuwa imelala ndani ya maji ya chini, jambo ambalo sisi wa Ziwa Kivu tunapaswa kulijua vizuri.

Haroun Tazieff alikufa Paris tarehe 2 Februari 1998, akiwa na miaka 83.

Kamba yetu sisi

Miaka minne kiisha kifo chake, tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipasuka tena na lava ikapita katikati ya Goma. Wakati ule wataalamu wa Observatoire Volcanologique de Goma, tunaoita OVG, walikuwa na vyombo vichache sana vya zamani vya kusikiliza mlima. Kiisha janga wafadhili walikuja wengi. Vyombo vikaongezeka, vijana wakasomeshwa.

Halafu msaada ukapungua. Mwaka wa 2020 projé iliyolipwa na Benki ya Dunia ilimalizika bila kufuatwa na nyingine. Kwa miezi kadhaa OVG ilikosa hata intaneti ya kuleta habari kutoka kwenye vyombo vya mlimani. Tarehe 22 Mei 2021 lava ikashuka jioni bila watu kuonywa mbele. Zaidi ya watu 30 walikufa, maelfu wakapoteza nyumba. Wataalamu wanasema mlipuko ule ungekuwa mgumu kuonekana hata kwa vyombo vizima, kwa sababu dalili zilikuja kwa kuchelewa sana. Inawezekana. Lakini mtu asiyekuwa na intaneti hawezi hata kujaribu.

Haya yanafanana na kifungo cha Loubens. Safari ya sayansi haiangushwi kila mara na kitu kikubwa. Inaangushwa na kitu kidogo ambacho hakuna mtu aliyekubali kukilipia: kifungo, betri, abonema ya intaneti, mafuta ya pikipiki ya kwenda kuangalia chombo kule mlimani. Wafadhili wanapenda kulipa kitu kinachoonekana kwenye picha. Kifungo hakionekani.

Tunao vijana katika mikoa yetu wanaosoma jeolojia, wanaopenda kupanda milima na kuingia mapangoni, Virunga, Mont Hoyo na kwingine. Siku amani itakaporuhusu, watatafuta wadhamini: kampuni ya simu, kanisa, chuo, mfanya biashara wa sokoni, shirika la nje. Ni vizuri wadhamini hao waulize maswali matano kabla ya kutoa feza, na vijana wawe na majibu. Nani anapima vyombo, na alivipima lini? Nani anabaki juu, na anajua kufanya nini kama mtu ameumia? Wapagazi na waongoza njia wanalipwa ngapi, na majina yao yataandikwa wapi? Habari itakayopatikana itarudi kwa wakaaji kwa lugha wanayoielewa? Na feza ikiisha, nani ataendelea kutunza kilichoachwa mlimani?

Mwisho kuna lile alilolionyesha Tazieff kule Guadeloupe: mdhamini ana haki ya kujua feza yake imefanya nini, lakini hana haki ya kumwambia mtaalamu mlima unasema nini. Chini ya Nyiragongo tuko watu wengi sana leo, kuliko wakati wa Kituro. Tunahitaji wote wawili, mwenye kulipa na mwenye kushuka. Na tunahitaji kujua, kabla mtu hajajifunga mikanda, kwamba kifungo kimepimwa.